Sura Zako, Jembe Langu na Maili Mbili za Barabara ya Watu

S.L.P. 14,
Kata ya Harju,
Wisconsin.
18 Februari 2016

Kwa Bwana Corwin Stadd, mtunzi wa riwaya za kusisimua,
kwa mkono wa wachapishaji wake.

Mheshimiwa Mtunzi,

YAH: MADHARA YA TAHARUKI KATIKA KAZI YA KUONDOA THELUJI, NA OMBI LA SAINI YAKO

Natumaini hujambo, na kwamba huko uliko barabara yako inaondolewa theluji na mtu asiyesikiliza vitabu vyako. Mimi sijambo, ila nakaribia kufukuzwa kazi, na wa kulaumiwa ni wewe. Nayasema haya kwa heshima zote.

Jina langu ni Reino Pelkola, dereva wa gari la kuondoa theluji la Kata ya Harju. Si mmoja wa madereva, bali ndiye dereva, kwa kuwa gari ni moja. Miaka kumi na tisa nimeisukuma theluji ya kata hii kuanzia duka la mafuta hadi ziwani, na kwa miaka kumi na minane ya mwanzo sikugusa hata sanduku moja la barua. Waulize watu. Kisha msimu wa baridi uliopita mke wangu Verna, kwa nia njema kabisa, akaniletea kutoka maktaba riwaya yako ya kusikiliza, sidii kumi na nne ndani ya kasha moja, akisema habari za siasa za redioni zinanipandisha presha. Tangu siku hiyo presha yangu imepanda zaidi na masanduku matano ya barua yamelala chini.

Sasa nikueleze kosa lenyewe, maana mimi si kama wewe, sisubiri ukurasa wa mia tatu. Barabara ya Ziwani inapita kwetu kisha inaingia Kata ya Dunmore. Pale mpakani pana nguzo ya kijani. Dereva wa Harju akifika kwenye nguzo hiyo anainua jembe, yaani lile pande la chuma lililo mbele ya gari, anageuza na kurudi zake. Dereva wa Dunmore naye hufanya vivyo hivyo upande wake, siku akijisikia. Katikati tunaacha tuta la theluji la kimo cha kiuno ambalo si letu wala si lao, na mwenye haraka analipanda kwa imani. Ndivyo mambo yalivyokuwa tangu enzi za babu zetu, na hakuna aliyewahi kufa pale ila kwa hasira.

Jumatatu ya tarehe 8 Februari, saa tatu asubuhi, sikuinua jembe. Nilipasua tuta, nikaipita nguzo, nikaisafisha barabara ya Dunmore maili mbili nzima, nikaingia kwenye uwanja wa nyumba moja, nikasimama hapo dakika arobaini, nikageuza, nikarudi. Nilipofika kwetu habari zilikuwa zimeshanitangulia na zinanisubiri zikiwa zimekaa kitako.

Mwenyekiti wa Dunmore, Bi Phyllis Kranz, hakulalamika. Afadhali angelalamika. Aliandika barua ya shukrani, na ndani yake akaeleza kwa upole kwamba kwa vile Harju imeanza kukisafisha kipande kile, Dunmore inapokea ukarimu huo kwa moyo mkunjufu, daima. Mwenyekiti wetu, Bwana Norbert Dahlke, aliisoma barua hiyo mbele yangu mara mbili, ya pili kwa sauti. Halafu akasema maneno ambayo ndiyo sababu ya mimi kukuandikia:

“Reino, kama ulipitiwa, utapewa onyo na tutasahau. Lakini kama ulichukua gari la kata ukaenda kwenye shughuli zako binafsi, Jumanne ya kikao unaweka funguo mezani.”

Kikao ni Jumanne, tarehe 8 Machi. Nina miaka sitini na mmoja, sijui kazi nyingine, na sitaki kuijua. Kwa hiyo nimesema mbele ya mashahidi kwamba nilipitiwa. Na aliyenipitisha ni wewe.

Wenye midomo yao wanasema mengine. Wanasema uwanja ule niliogeuzia gari ni wa kaka yangu Urho, ambaye sijasema naye miaka kumi na moja, tangu siku alipoipandisha sauna ya marehemu baba, kile kibanda chake cha kuogea kwa mvuke, juu ya magogo, akaifunga minyororo na kuikokota kwa trekta juu ya barafu ya ziwa hadi kwake Dunmore, huku bomba lake bado linatoa moshi. Ni kweli uwanja ni wake. Lakini hiyo ni bahati mbaya ya kijiografia tu, kwani upande ule hakuna uwanja mwingine ambamo gari langu linaweza kugeuka. Habari za Urho hazihusiani kabisa na malalamiko haya na sitamtaja tena.

Malalamiko yangu ni kama yafuatavyo.

Lalamiko la kwanza: sura zako zote zinaishia mlangoni.

Nimezihesabu. Katika sidii nane za mwanzo za riwaya yako, sura ishirini na sita zinaishia mlangoni, mbili dirishani na moja kwenye mfuniko wa kisima. Inspekta Lorna Peck anafika kwenye mlango, anasikia kitu, ananyoosha mkono, basi, sura imekwisha, na inayofuata inaanza na mtu mwingine kabisa anayekunywa chai katika mji mwingine. Sasa mimi nifanye nini na mkono wa Lorna? Nimebaki nao. Naendesha tani kumi na mbili za chuma kwenye barafu huku nikiwa na mkono wa mtu mwingine uliokwama hewani. Januari, karibu na shule, Lorna alifika kwenye mlango wa ghala, na hapo hapo nikasikia kishindo cha kweli upande wa kulia. Moyo ukanilipuka. Nikasimamisha gari, nikashuka polepole, nikazunguka mbele, nikainama, na pale chini kwenye theluji nikaona

Lalamiko la pili: sentensi zako fupi.

Unaona inavyokera? Lilikuwa sanduku la barua. Lakini wewe ungenizungusha kurasa arobaini kabla ya kuniambia.

Nirudi kwenye sentensi. Mwanzoni mwa kitabu unaandika kama mtu mzima: sentensi ndefu, zenye hewa, mtu anashuka kwenye treni, anafunga vifungo vya koti, anamkumbuka mama yake. Hapo mguu wangu unatulia vizuri kwenye pedali. Hatari ikikaribia tu unaanza kuzikatakata. Alisimama. Akasikiliza. Kimya. Hatua. Nyingine. Bwana Stadd, kila nukta yako ni kama unanikanyagia mguu. Sijui jambo hilo linafanyaje kazi, mimi si msomi, lakini nimelithibitisha kwa spidomita: kwa sentensi ndefu naenda maili ishirini kwa saa, kwa sentensi za maneno mawili nafika arobaini bila kujua. Theluji ikisukumwa kwa maili ishirini inaanguka kando ya barabara, mahali pake. Kwa arobaini inaruka. Wazee wa kanisa la Kilutheri walikuwa wametoka kufagia baraza yao kwa ajili ya ibada, nami nikapita na aya yako moja ya nukta kumi na saba. Walinipungia mikono, nikadhani wananisalimu.

Lalamiko la tatu: ile saa.

Kitabu chako kinaanza na mtu kuwaambia polisi zimebaki saa kumi na moja. Sawa. Watu hupewa muda, hata mimi nimepewa hadi Jumanne. Lakini kwa nini unarudia kunikumbusha? Zimebaki kumi. Zimebaki tisa na nusu. Kazi yangu haina mbio, bwana. Theluji ikianguka unaisukuma, ikianguka tena unaisukuma tena, hakuna aliyewahi kuimaliza. Lakini kwa sababu yako nimeanza kuzunguka kata yote kabla ya saa nne asubuhi huku jasho likinitoka, ninafika kwenye gereji na hakuna bomu. Nakaa ndani ya gari nikiwa nimeokoa watu ambao hawakuwa hatarini.

Na chakula je? Katika sidii nane Lorna Peck amekula tufaha moja, tena hakulimaliza. Mtu akisikiliza mambo hayo anaona haya kula. Verna hunifungia pai ya nyama na viazi kila asubuhi, na kwa wiki tatu ilirudi nyumbani kama ilivyotoka. Mwanamke aliyeishi nawe miaka thelathini na nne akiona pai imerudi nzima hafikirii fasihi. Aliniuliza taratibu tu ni nani siku hizi ananilisha mchana. Nikamwambia ni Inspekta Lorna Peck. Nakiri jibu hilo halikusaidia.

Lalamiko la nne: umenifanya niwashuku watu wema.

Katika vitabu vyako mwenye sura ya kutisha hana hatia kamwe. Yule mwenye kovu anayelala na shoka kitandani, mwishowe tunaambiwa ni mfuga nyuki mwenye huzuni. Muuaji ni yule aliyeleta biskuti. Mbinu hiyo nimeielewa, unanionyesha mkono wa kushoto ili nisiuone wa kulia. Shida ni kwamba mimi naishi mahali ambapo watu wanaleta biskuti kila siku. Mkutubi wetu, Bi Ardith Moe, mama wa miaka sabini anayefuma soksi za watoto wachanga wa hospitali, aliniletea biskuti za Krismasi hadi kwenye gari, nikazitazama, nikamtazama yeye, nikamwambia nina mzio. Alijua sina. Huyo ndiye aliyenisamehe faini za kuchelewesha kitabu chako, tena mara tatu.

Nikiwa hapo hapo, niseme neno juu ya theluji, kwani hili nalijua kuliko wewe. Theluji yako huanza kuanguka pale tu mtu anapotaka kuuawa. Inaziba barabara ili msaada usifike, inakata nyaya za simu, inafuta nyayo, na muuaji akishakamatwa inakoma, jua linatoka. Ningependa kukufahamisha kwamba theluji haimfanyii kazi mtu yeyote. Huku kwetu inaanguka Jumatatu kwa sababu ni Jumatatu. Na kama kweli barabara ya nyumba ile ya mauaji imezibwa siku tatu, ningeomba kujua kata hiyo ina dereva gani, kwa sababu katika kitabu chote hakutajwa. Watu kumi na mmoja wamefungiwa humo ndani na muuaji, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kutupigia simu sisi.

Lalamiko la tano: unajua, na husemi.

Hili ndilo linaloniuma zaidi. Wewe ulimjua muuaji tangu ukurasa wa kwanza. Ulikuwa naye. Ulikaa naye mezani unaandika, ukampa jina, ukamchagulia tai, kisha ukanigeukia mimi na uso mkavu ukaniambia tazama, ni nani sijui. Ungesema mara moja tu, “Ni daktari,” tungemaliza, Lorna angekwenda nyumbani kula, nami ningeinua jembe pale panapostahili. Mimi nimelelewa kwamba mtu mwenye jambo moyoni alitoe. Mficha maradhi kilio humfichua, na mtu anayemficha mwenzake jambo kwa kurasa mia nne huku akijifanya anaongea naye, huyo huku kwetu hatumwiti fundi. Tuna neno lake, na kwa heshima zote silitaji.

Hapa wapo watakaosema, “Reino, na wewe je?” Najua wapo, kwa sababu walisema pale duka la mafuta wanapokunywa kahawa, na mmoja wao ni Norbert. Wanadai dakika arobaini ni nyingi mno kwa kugeuza gari. Wanadai mtu aliyekwenda kumwona kaka yake aseme tu, damu nzito kuliko maji. Wanasahau kwamba mimi niliapa mbele ya kata nzima, Ijumaa moja ya mwaka ule, kwenye karamu ya samaki, nikiwa nimesimama na sahani mkononi, kwamba sitakanyaga kwa Urho hadi sauna ya baba irudi mahali pake. Baba aliniahidi mimi ile sauna. Urho anasema alimwahidi yeye. Baba alikuwa mpenda amani, na inawezekana kabisa alituahidi wote wawili, na hilo nalo alifia nalo kimya kimya. Nilisema sitamtaja Urho, na simtaji. Nawajibu watu tu.

Dakika arobaini zilikuwa za kumalizia sura. Nimelisema hilo mbele ya Norbert na nitalisema mbele ya wajumbe.

Lalamiko la sita, na la mwisho: sura ya thelathini na moja.

Hii ndiyo iliyonipeleka Dunmore, nayo iko kwenye sidii ya tisa. Nitaieleza kirefu kwa kuwa wajumbe watataka ushahidi.

Lorna anafika kwenye nyumba iliyo kimya. Theluji uwanjani haijakanyagwa na mtu. Hakuna nyayo za kuingia, hakuna za kutoka. Anashuka kwenye gari na kuliacha likinguruma, kwa sababu akilizima atasikia ukimya wote kwa mara moja. Anapanda ngazi. Ngazi ya pili imeoza palepale ilipokuwa imeoza zamani, na mguu wake unaikwepa wenyewe. Hapo, Bwana Stadd, naomba nikupe haki yako: hukutumia maneno makubwa. Hukusema moyo unadunda kama ngoma. Ulisema tu kwamba alivua glavu, na kwamba hakujua kwa nini amevua glavu. Kisha kitasa. Kilikuwa cha baridi kiasi cha kuunasa mkono. Alisimama pale na mkono kwenye kitasa akifikiria mambo yote aliyokusudia kuyasema mwaka jana, na mwaka juzi, na kwamba kama mlango huu utafunguka na mtu yuko sakafuni, basi hakuna atakayewahi kuambiwa. Akahesabu hadi tatu. Akahesabu tena. Hakufungua.

Sasa niambie wewe, mtu mwenye akili timamu anaendesha vipi gari huku akisikia mambo kama hayo? Ningeinua jembe kwa mkono upi?

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Nimeambatanisha karatasi iliyopigwa chapa vizuri na Verna, yenye maneno haya: “Mimi, mtunzi, nakiri kwamba sura yangu ya thelathini na moja imeandikwa kwa makusudi ya kumnyima mtu fahamu za mahali alipo, na kwamba dereva yeyote mwenye moyo angeipita nguzo ya kijani.” Weka saini chini, irudishe kabla ya tarehe 8 Machi. Stempu nimebandika. Ukipenda kuongeza kwamba katika matoleo yajayo utaandika mwishoni mwa kila sura maneno “INUA JEMBE”, wajumbe watafurahi, ila hilo si sharti.

Nifikishie salamu kwa mkeo kama unaye, maana sijui anaishije na mtu anayenyanyuka mezani katikati ya sentensi. Wasalimu wachapishaji wako, yule msomaji mwenye sauti nzito kwenye sidii, mfuga nyuki, na Lorna, mwambie ale. Verna anakusalimu. Kata nzima inakusalimu, isipokuwa wazee wa kanisa.

Wako katika kungojea, na wewe unajua kungojea kulivyo,

Reino Pelkola
Dereva, Kata ya Harju

N.B. Leo ni Jumamosi na barua hii bado haijaondoka. Nilimpa Verna aisome kabla ya kuifunga. Aliisoma yote, akacheka penye baraza ya kanisa, hakucheka penye pai. Alipofika sura ya thelathini na moja aliisoma mara mbili, akavua miwani.

“Reino,” akasema, “Ardith ametafuta sidii ya tisa tangu Novemba. Haimo kwenye lile kasha.”

Basi na iwe hivyo. Wewe uliyeandika kitabu umeshajua tangu zamani kwamba hakina sura kama hiyo. Sidii ya tisa sijawahi kuisikia. Asubuhi ile redio ya gari, ile inayopiga sidii, ilikuwa imezimwa tangu nilipopita kanisani. Glavu zilikuwa zangu.

Ukisimama kwenye nguzo ya kijani unaliona bomba la moshi la nyumba ya Urho ng'ambo ya ghuba. Miaka kumi na moja, kila asubuhi ya theluji, nimelitazama. Moshi ukiwepo nainua jembe na kugeuza. Sikumwambia mtu, hata Verna. Jumamosi ya tarehe 6 moshi haukuwepo. Jumapili haukuwepo. Jumatatu ilikuwa baridi ya kupasua miti, moshi haukuwepo, na dereva wa Dunmore alikuwa hajapita siku ya tatu. Sikupitiwa, Bwana Stadd. Sijawahi kuwa macho kama siku ile.

Nilisimama mlangoni muda ambao sitaki kuutaja. Na nitakubali jambo moja ambalo nililikataa kwa kurasa zote hizi: sentensi zinakuwa fupi zenyewe. Si ujanja wako. Mtu akiogopa kweli hana pumzi ya kusema ndefu.

Urho ndiye aliyefungua. Bomba lake la moshi limepasuka, mgongo haumruhusu kupanda paani, kwa hiyo amenunua hita ya umeme. Hayo tu. Hakuna maiti, hakuna daktari, ni hita. Mezani palikuwa na vikombe viwili. Nilivitazama, naye akaona ninavyovitazama.

“Kila asubuhi nasikia unavyoinua jembe pale nguzoni,” akasema. “Leo sikusikia. Nikaweka cha pili.”

Dakika arobaini hatukuongea la maana. Bomba, mgongo, Verna hajambo. Ya sauna hakuna aliyeyataja. Nilipokuwa navaa kofia akasema anaiwasha kila Jumamosi saa kumi jioni, kama nitapita nipite. Nikasema tutaona. Jumamosi iliyofuata sikwenda, kwa sababu kama ningeonekana kule hadithi yangu ya kupitiwa ingekwisha, na kazi pamoja nayo. Nilikaa dirishani nikamwacha mzee wa miaka sitini na sita asikilize barabara.

Kwa hiyo naomba usitie saini. Karatasi ile itupe. Barua yenyewe naituma kwa kuwa Verna anasema mtu akitukanwa ana haki ya kusoma. Ndugu wakigombana, wahenga walisema, shika jembe ukalime. Wakipatana, shika kapu ukavune. Norbert na aje na kapu lake Jumanne. Nitawaambia wajumbe kwamba nilichukua gari la kata nikaenda kuangalia kama kaka yangu yu hai. Norbert atauliza kama hiyo haikuwa shughuli yangu binafsi. Nitamwambia ndiyo, ndiyo shughuli yangu, nimeiahirisha miaka kumi na moja, na funguo hizi hapa.